Kiswahili cha Kwenye Kava

Mwaka 1971 kampuni ya Warner Bros. ilitoa nchini Marekani santuri iliyoitwa kwa neno moja la Kiswahili: Mwandishi. Mwenyewe ni Herbie Hancock, mpiga piano aliyekwisha kujijengea sifa katika kundi la Miles Davis, na neno hilo halikuwa jina la santuri peke yake. Lilikuwa jina lake yeye. Wenzake katika bendi nao walikuwa na yao. Buster Williams wa besi aliitwa Mchezaji. Billy Hart wa dramu, Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta, Mganga. Bennie Maupin, mpuliza saksafoni na klarineti nene, Mwile. Na Julian Priester wa tromboni, Pepo Mtoto. Katika kipande cha kwanza, kilichotungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis ambaye wakati huo alikuwa mahabusu, aliongezwa kijana wa dramu, Leon Chancler, anayejulikana kama Ndugu. Huyo ndiye aliyekuja kupiga dramu za "Billie Jean" ya Michael Jackson, na hadi anafariki mwaka 2018 dunia ya muziki ilimwita kwa jina hilohilo.

Mpenzi wa jazi wa Chicago au wa Tokyo huyatamka majina haya kama anavyotamka jina lolote la msanii. Sisi hatuwezi kuyapita hivyo. Kwetu kila neno hapo lina uzito wake, lina jirani zake na mahali lilipozoea kukaa, na mengine yamekalia kiti kisicho chake.

Chukua Mwandishi. Lilikusudiwa kumaanisha mtunzi wa muziki. Kiswahili huwatenganisha watu hawa wawili: mwandishi ameshika kalamu, awe wa vitabu au wa habari, ilhali mwenye wimbo ni mtunzi, na mtunzi aweza kuwa hajui herufi hata moja. Kutunga ni kupitisha uzi kwenye shanga, ni kuvifuatanisha vitu hadi vishikane. Kwa kazi aliyokuwa akiifanya Hancock, ya kuokota sauti za kinanda cha umeme, za tarumbeta na za klarineti nene na kuziunga zipate mwendo, Mtunzi lingemkaa vizuri zaidi. Mwandishi linampeleka mezani, kwenye karatasi.

Mchezaji ndilo lililopotoka kabisa, na ndilo linalofundisha zaidi. Alilolitafsiri aliyelitoa ni neno la Kiingereza ambalo linatosha kwa mpira, kwa karata na kwa gitaa. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Mpira huchezwa, bao huchezwa, ngoma huchezwa na anayeserebuka uwanjani, ala hupigwa. Mswahili akiambiwa Buster Williams ni mchezaji, atauliza namba ya jezi yake, au atamtafuta kati ya watu waliosimama kucheza. Hata hivyo nikilisikiliza fungu la mapigo 15 ambalo besi inalirudiarudia katika kipande hicho cha kwanza, fungu lisilolingana pande zake na bado linautaka mguu uinuke, nashindwa kulichukia kosa hilo. Kuna wapiga besi ambao unaona wazi kuwa wanacheza ndani ya wanachokipiga.

Mganga, kwa upande mwingine, limeangukia mahali pake kuliko pengine mtoaji alivyodhani. Eddie Henderson ni daktari kweli, amehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard. Na Kiswahili chetu hakijawahi kuona aibu kulitumia neno moja kwa mwenye koti jeupe na kwa mwenye mizizi: ofisini yuko Mganga Mkuu wa Serikali na zahanati ina mganga mfawidhi wake, na kijijini yuko mganga mwingine ambaye hahitaji cheo. Jina hili linambeba mtu mzima, la kazi ya mchana na la tarumbeta ya usiku.

Jabali ni jina ambalo nasi tulikuwa nalo. Huko Marekani akapewa Billy Hart. Dar es Salaam mashabiki wakamwita Marijani Rajabu Jabali la Muziki. Sidhani kama kuna aliyeiga kwa mwenzake. Ni kwamba neno lenyewe linawaita watu wa aina hiyo, wale ambao muziki mzima unawaegemea. Pepo Mtoto ni zito kuliko lilivyokusudiwa. Lilitakiwa kuwa jina jepesi la mtoto wa kiroho, lakini pepo wetu ana kiti chake, hupandishwa na hupungwa, na kinachompandisha ni ngoma. Nalo Ndugu, wakati Leon Chancler anaanza kulitumia, lilikuwa Tanzania ndilo neno la kuitana baada ya Azimio la Arusha la 1967, waziri na mkulima wakiitana hivyo. Kijana wa Los Angeles alikuwa amevaa, kwa kujua au kwa kutojua, jina la wananchi wote wa nchi moja.

Aliyeyaleta majina haya kwenye kundi ni mpiga tumba James Mtume, wa ukoo wa akina Heath wa Philadelphia, naye aliitoa elimu hiyo katika chama cha US cha Maulana Karenga, yuleyule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Kabla ya Mwandishi kulikuwa na santuri ya Kawaida, iliyorekodiwa 1969 chini ya Albert Heath, ambako Hancock na Williams tayari wanatumia majina yao mapya na Heath mwenyewe anaitwa Kuumba. Neno kawaida nalo lilibeba mzigo mgeni. Kwetu ni mambo ya kila siku, yasiyostaajabisha. Kwa Karenga likawa jina la falsafa nzima. Halafu Mtume! Kwetu mtume ana kitabu au ana umma. Yeye alilitaka kwa maana nyepesi ya mjumbe, aliyetumwa, na ukilirudisha kwenye mzizi wake wa kutuma, yuko sawa kabisa.

Kiswahili kilikwisha kuingia kwenye jazi kabla ya hapo. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi kipande kilichoitwa kwa jina la nchi hiyo, "Tanganyika Strut". Safari lilitangulia zaidi, Horace Silver alilitumia mwaka 1952, ila hilo lilikuwa limekwisha kuzunguka na wawindaji na filamu zao. Mlango hasa ulifunguliwa Novemba 1960, pale mpiga piano Randy Weston alipokusanya New York kundi kubwa la wapigaji, Max Roach, Clark Terry, Yusef Lateef, Babatunde Olatunji na wengine wengi, akarekodi Uhuru Afrika. Mpangaji wa sauti alikuwa Melba Liston, mpuliza tromboni ambaye kila nikiisikiliza kazi hii naona anastahili kutajwa kwanza, si mwisho. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Aliyeyatia kwenye Kiswahili na kuyasoma ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sauti yake inasikika mwanzoni, kabla ya tarumbeta kuamka. Vipande viwili kati ya vinne vina majina ya Kiswahili: "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Na hapo, tazama, kucheza kumekaa sawasawa, kwa sababu kipande hicho ni cha kuchezwa. Alipokuwapo Mswahili mezani, kitenzi hakikupotea njia.

Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964, na nchi nyingine zikaendelea kupata uhuru. Kiswahili kikaendelea kupanda kwenye makava. Gary Bartz alitoa Taifa na Uhuru mwaka 1971. Archie Shepp alitoa Kwanza. Charles Kynard alitoa santuri ambayo jina lake limeandikwa Wa-Tu-Wa-Zui, na mwenyewe amefafanua kwa Kiingereza kuwa anakusudia watu wazuri. Herufi r imedondoka njiani, vistari vimeingia, nia ya mtu inaonekana vizuri. Miles Davis, katika Get Up with It ya 1974, ana kipande kiitwacho "Mtume" kwa ajili ya huyohuyo mpiga tumba wake, kingine kiitwacho "Maiysha", ambacho kwa macho yetu ni maisha yaliyoongezewa herufi moja, na kingine cha zaidi ya nusu saa, "Calypso Frelimo". Chama cha Frelimo kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mpuliza tarumbeta wa New York alikuwa akilitaja jina lililotoka kwenye mitaa yetu.

Wapo wanaouliza kwa nini Kiswahili, wakati wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka magharibi na katikati mwa Afrika. Jibu limo katika enzi yenyewe. Watu wale walikuwa wanatafuta lugha isiyo ya kabila moja, ambayo nchi huru zilikuwa zinaitumia ofisini na mkutanoni, na wakaiona. Mimi naliona jambo hilo kuwa heshima kubwa ambayo hatujaijibu. Maana hebu angalia ni maneno gani yaliyovuka bahari: uhuru, taifa, umoja, kwanza, kawaida, kuumba. Yote ni ya mkutanoni. Hakuna hata moja linalohusu sauti inavyotoka, mpigo unavyokaa, mpigaji mmoja anavyomwachia mwenzake nafasi. Kiswahili kimekaa kwenye kava kwa zaidi ya miaka 60 na hakijaingia ndani ya santuri. Mzigo huo si wa Wamarekani. Ni wetu sisi tunaoisikiliza jazi na kuijadili kwa lugha hii, kisha tukifika kwenye utamu wenyewe tunahamia Kiingereza.

Kikwazo cha kwanza ni neno jazi lenyewe, kwa kuwa kwetu lilikwisha kupata kazi nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Zikafuata Morogoro Jazz mwaka 1944, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, Nuta Jazz mwaka 1964. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco. Magharibi mwa Kenya, Shirati Jazz na Victoria Jazz. Katika majina haya jazi ni bendi: magitaa, vipulizwa, tumba, na watu wanaocheza. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa mwanajazi kwa maana hiyo, na hakuna wa kumvua. Kwa hiyo mtu akisema "baba alikuwa mpenzi mkubwa wa jazi," kwanza ujue ni nani anayesema na baba yake aliishi wapi. Huenda ndani ya kabati mna Coltrane, huenda mna Salum Abdallah.

Sioni haja ya kumnyang'anya mmoja ili apewe mwingine. Jambo lenyewe lina mantiki kuliko wanavyodhani wanaocheka kuwa bendi zetu zilijiita jazi bila kupiga jazi. Katika miaka ya 1890 watu weusi wa New Orleans walikuwa wameshika matarumbeta ya bendi za kijeshi na kuyafanya ya kwao, ya mitaani, ya mazishi na ya maandamano. Katika muongo huohuo watu wa Lamu na Mombasa walishika mfano wa bendi hizohizo za kijeshi wakazaa beni, nayo ikateremka pwani yote na kupanda bara, na vyama vyake vikashindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo. Neno beni ni bendi iliyoswahilishwa. Bandari za pande mbili za dunia, mbali kabisa na zenzake, zilifanya kazi moja kwa chombo kimoja. Bendi za dansi zilipojiita jazi hazikuwa zinadanganya ukoo. Pale inapobidi kutofautisha, mimi husema jazi ya Marekani na jazi ya dansi, nao wasikilizaji huelewa.

Kwenye vitu vyenyewe, vya kushikwa, tuko vizuri. Santuri ni neno zuri mno. Asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Waarabu. Kwetu likahamia kwenye mashine iliyoimba yenyewe, kinanda cha santuri, halafu likashuka kwenye ile sahani nyeusi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani zilizorudi Zanzibar zilifikia lugha iliyokuwa na pa kuziweka. Kinanda nalo limezunguka vilevile, kutoka ala ya nyuzi hadi gramafoni hadi kinanda cha kanisani hadi piano. Maneno ya muziki hayapendi kukaa ala moja.

Albamu linatatanisha zaidi kuliko linavyoonekana. Mtoto wa leo anajua albamu ni mkusanyiko wa nyimbo na albamu ni kitabu cha picha, na anadhani ni majina mawili yaliyofanana kwa bahati. Ni jina moja. Sahani za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu kila upande. Kazi ndefu ilihitaji sahani kadhaa, na sahani hizo ziliuzwa zimetiwa kwenye mifuko iliyofungwa pamoja, kitabu kama kile cha picha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa elpii, sahani moja yenye dakika 20 na zaidi kila upande, na kitabu kikawa hakihitajiki tena. Jina likabaki. Ndiyo maana mkusanyaji wa jazi ya kabla ya 1948 akisema albamu ya Louis Armstrong anaweza kuwa anasema kitu kizito cha kushika kwa mikono miwili.

Kwa kampuni inayotoa muziki vijana wametupatia lebo, na nalipokea kwa furaha kwa sababu limekwisha kuzoeleka kwa wasanii wa sasa. Lakini mkusanyaji anahitaji lebo nyingine, ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani, na huko ndiko macho yake yanakokimbilia kwanza. Santuri za Blue Note, lebo iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, husomwa hapo kama hati ya shamba. Anwani iliyochapwa, kwa mfano 47 West 63rd, huonyesha ni ya miaka gani. Kisha mtu huigeuza sahani kwenye mwanga na kuangalia ule utepe mtupu kati ya mfuo wa mwisho na karatasi. Humo hutafuta herufi RVG au jina la Van Gelder, Rudy Van Gelder, aliyerekodi kazi hizo kwanza katika sebule ya wazazi wake Hackensack na kuanzia 1959 katika studio yake Englewood Cliffs. Humo pia hutafuta alama ndogo iliyochorwa na kiwanda cha Plastylite, herufi P iliyopinda hata wakusanyaji wakaiita sikio. Kiwanda hicho kiliacha kuzichapa sahani za Blue Note mwaka 1966, baada ya lebo kuuzwa. Sahani yenye sikio ni ya awali. Isiyo na sikio imechapwa baadaye.

Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa chochote. Mfuo tunao, wa ubao na wa shamba, na ndio hasa ule mchoro ambao sindano hupita. Sikio tunalo. Ninachokisisitiza ni kutenganisha toleo na chapa. Toleo ni kazi ilivyoamuliwa: nyimbo zipi, kwa mpangilio upi, na kava gani. Chapa ni mara ile sahani zilipokandamizwa kiwandani. Toleo moja linaweza kuwa na chapa kumi, na bei ya chapa ya kwanza na ya kumi haziko karibu. Wauzaji wanaoandika "toleo la kwanza" kwa maana ya chapa ya kwanza wanawapotosha wanunuzi, hata kama hawakukusudia.

Mfano mzuri ni Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa kwa siku mbili za mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22. Siku ya kwanza mashine iliyotumika kurekodi ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, hivyo kanda ilipokuja kupigwa kwa mwendo sahihi vipande vitatu vya upande wa kwanza vilipanda sauti kidogo. Watu waliisikiliza hivyo kwa zaidi ya miaka 30, wanafunzi wakajaribu kupiga pamoja nayo na kuona ala zao hazikubaliani, mpaka chapa ya 1992 ilipotumia kanda ya mashine nyingine. Ni toleo lilelile kwa jina na kava, lakini masikio yanapokea kitu tofauti. Mkusanyaji akiuliza "una chapa gani?" anauliza swali la muziki kabisa.

Na hali ya sahani tuseme kama tunavyosema. Kuna santuri mpya na kuna ya mtumba. Ya mtumba inaweza kuwa safi, inaweza kuwa na mikwaruzo, inaweza kuwa imechoka. Imechoka ni neno la haki kuliko lugha ya wauzaji wa Ulaya na Marekani, ambao huipa alama ya "nzuri sana" sahani inayokwaruza waziwazi.

Sasa sauti. Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu utajiri uko tele na hautumiki. Kiswahili hakiridhiki na kitenzi kimoja kwa ala zote. Saksafoni na tarumbeta hupulizwa. Gitaa hucharazwa au hukung'utwa. Kinanda hupapaswa, na magazeti yetu yamewaita wapiga kinanda wa bendi za dansi wapapasaji kwa miaka mingi. Besi na ngoma hurindima. Kila kitenzi kinaeleza mwili wa mpigaji unafanya nini, na kwa hiyo kinatupa nafasi ya kuhukumu. Bill Evans anapapasa piano. Msikilize ndani ya "Blue in Green" na hutakosea kitenzi. Thelonious Monk hapapasi hata siku moja. Monk anagonga, anaacha, anagonga pembeni ya pale ulipotarajia. Ukiandika kuwa wote wawili "wamecheza piano vizuri" umerudia kosa la Mchezaji na umepoteza tofauti ambayo lugha ilikwisha kukupa bure.

Halafu kuna lile jambo ambalo jazi imejengwa juu yake, mpigaji kutunga papo hapo mbele ya watu. Tumezoea kuandika "kubuni papo kwa papo", na si vibaya, ila ni maelezo, halijawa jina. Taarabu ina taksimu, ambapo udi au ganuni au fidla huachiwa peke yake itembee ndani ya maqamu bila kufungwa na mapigo. Nilidhani kwa muda kuwa ndiyo jibu. Linafaa kwa mwanzo wa vipande fulani vya Coltrane vya miaka ya 1960, pale anapopuliza bila dramu kumshika. Halifai kwa mpigaji anayekimbia ndani ya mapigo yaliyohesabiwa, kwa kuwa taksimu husubiriwa na wenzake wakiwa kimya, na katika jazi wenzake hawanyamazi.

Madoido, mbwembwe na vikorombwezo ni maneno matamu, tena yanasikika sana kwenye muziki wa dansi. Lakini yote matatu yanachukulia kuwa kuna wimbo, halafu juu yake kuna pambo. Tarumbeta ya Louis Armstrong ya miaka ya 1920 inakubali sehemu ya maneno hayo. Coltrane kwenye "Giant Steps" hayakubali. Pale mpangilio wa sauti unabadilika upesi mno hata Tommy Flanagan kwenye piano, mpigaji hodari, zamu yake ilipofika akawa anakatikakatika. Hakuna pambo hapo. Mtu anajenga daraja huku akivuka.

Kwa hili mimi nimerudi kwa malenga. Mshairi wa majibizano aliyetupiwa ubeti na kutakiwa ajibu kwa vina vilevile na mizani ileile, hapohapo, bila kalamu, anafanya kazi iliyo karibu kabisa na ya mpuliza saksafoni aliyepewa ubeti wa bluzi wa mafungu 12 ya mapigo. Ana kifungo na ana uhuru. Yaliyomo ndani ya kifungo ni yake. Basi naandika kwamba Sonny Rollins ametunga beti saba mfululizo, na msomaji wa Kiswahili anaona mara moja kuwa kuna hesabu iliyotunzwa na kuna mtu anayewaza. Wapigaji wawili wanapobadilishana vipande vifupi, mafungu manne ya mapigo huyu na manne yule, wanapokezana, na kupokezana tunakujua tangu jandoni na unyagoni. Katika "So What" besi ya Paul Chambers ndiyo inayoimbisha na vipulizwa ndivyo vinavyoitikia kwa sauti mbili fupi. Kuimbisha na kuitikia ni maneno ya ngoma yetu, na yanaeleza mpango wa kipande hicho kuliko kurasa mbili za nadharia.

Kwa ule mwendo ambao Wamarekani wanausifu kuliko yote, unaofanya mapigo yaleyale yawe na uhai au yasiwe nao, tunasema imekolea. Ngoma imekolea. Neno hilo halidai kasi wala kelele. Count Basie alikuwa na wapigaji walioweza kukoleza taratibu mno, kwa sauti ndogo, Freddie Green akicharaza gitaa ambalo karibu hulisikii na bado ukilitoa kila kitu kinapwaya. Chemko ni jambo jingine, ni pale bendi ya dansi inapobadili gia ili watu wainuke, na jazi nyingi haina sehemu hiyo. Nisingependa maneno haya mawili yachanganywe.

Na kwa ile mara moja ya kupiga kipande studio kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo wakusanyaji hupenda kuihesabu, napendekeza mkupuo. Tumezoea kusema mtu amefanya jambo kwa mkupuo mmoja. Charlie Parker alipiga mikupuo kadhaa ya vipande vyake kwa lebo ya Savoy, na kila mmoja una mawazo mapya. "Flamenco Sketches", kipande cha mwisho cha Kind of Blue, kina ngazi tano za sauti zilizopangwa kwa zamu, na kila mpigaji hukaa kwenye kila ngazi kwa muda anaoutaka, kisha husogea na wenzake wote husogea naye. Kiliingia kwenye santuri kwa mkupuo wa sita. Mkupuo wa kwanza ulihifadhiwa na ukatolewa miongo kadhaa baadaye, nao ni mzima, haukukosewa. Ukiisikiliza yote miwili kwa kufuatana, ngazi ni zilezile na zamu ni zilezile, na Miles katika mmoja anaondoka mapema pale ambapo katika mwingine alikawia. Swali la kubishania na rafiki mwenye sahani zote mbili ni hilo: katika mkupuo upi amekawia pazuri zaidi. Mimi nipo na wa sita.